Bastola ya Nta na Shaba

Dar es Salaam
4 Agosti 1971

Ndugu Swaumu binti Lukumani,
Ng'ambo, Tabora.

Shikamoo. Hunijui, kwa hiyo nianze na mimi. Naitwa Kasimiri Ambrosi, mzaliwa wa Goweko, mtoto wa mkulima wa tumbaku. Jina lako nimepewa na mzee Mwinshehe wa Kisarawe, Mzaramo, ambaye zamani alikuwa kibarua wa reli huko Tabora.

Desemba nchi yetu inatimiza miaka kumi ya Uhuru, nami nimo katika kamati ya maonyesho. Tumepewa ukumbi. Upande wa kulia tunapanga kazi za mikono yetu: vinu, ngoma, majembe, mikeka. Upande wa kushoto tunapanga walivyokuja navyo wageni: pingu, bendera, bunduki.

Mzee Mwinshehe katuletea bastola. Si ya kisasa. Inashindiliwa baruti nyeusi kama gobore na kuwashwa kwa fataki, ila ina silinda ya matundu sita inayozunguka. Kiwiliwili chake ni shaba ya njano na mpini ni mti wa mninga. Tulipomwuliza kaipata wapi alicheka, akasema, "Nimewapora Wanyamwezi msibani, wakashindwa kuikomboa." Anadai kwamba alipofariki marehemu baba yako mwaka 1938 aliingia ndani kwa haki ya utani, akabeba alichokikuta chini ya kitanda, akangoja wafiwa waje kukikomboa kama ilivyo desturi. Hakuna aliyemfuata.

Mtaalamu wetu wa silaha za kale, mgeni kutoka Ulaya, ameitazama na kusema ni kazi ya kiwanda cha Ubelgiji. Ubavuni ina herufi za kiwanda hicho, na Wabelgiji walifika Tabora katika vita vya 1916. Ameagiza iwekwe kushoto. Mimi moyo wangu unakataa. Mzee Mwinshehe anaapa kwamba baba yako ndiye aliyeiunda, lakini kamati haiwezi kutegemea kiapo cha mtani. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, tutathibitisha vipi kabla ya kadi za maelezo kupelekwa kwa mpiga chapa mwezi Novemba?

Kwa heshima,
Kasimiri Ambrosi


Tabora
19 Agosti 1971

Mwanangu Kasimiri,

Marahaba. Hiyo "Ndugu" wape wenzako wa ofisini. Mimi nina watoto wa rika lako. Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Nimejifunza katika madarasa ya watu wazima, kwa hiyo usizicheke herufi zangu. Zinapanda na kushuka lakini zinafika.

Baba yangu alikuwa mhunzi wa majembe na mashoka. Enzi za Mwingereza fundi akikutwa ameunda bunduki alifungwa, na kiwanda chake kikavunjwa. Ndiyo maana baba hakuunda bunduki, na ndiyo maana mimi sijui habari ya bastola yoyote. Tafadhali usiliandike jina lake kwenye karatasi ya serikali. Serikali ni yetu, najua, lakini karatasi ni karatasi.

Huyo Mwinshehe kumbe bado hajafa? Mwambie kwamba msibani kwetu alikula wali mpaka wageni wakadhani yeye ndiye aliyefiwa, wakawa wanampa pole. Babu zetu walibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu, na njia nzima Wazaramo walikuwa wakiwaibia chumvi. Sioni kama wamebadilika.

Halafu, nauliza tu: ile springi ya mtambo bado inagoma mtu akiivuta taratibu?

Wasalaam,
Swaumu binti Lukumani


Dar es Salaam
2 Septemba 1971

Mama Swaumu,

Shikamoo tena. Nimesoma barua yako mara mbili na mara zote nimecheka peke yangu. Springi inagoma, ndiyo. Ukiivuta taratibu inagoma, ukiivuta kwa nguvu inakubali. Lakini mimi katika barua yangu sikutaja springi.

Nimekwenda kwa mkubwa wangu, akanihakikishia kwa kinywa chake kwamba hakuna polisi atakayekuja Ng'ambo kuuliza habari za mwaka 1938. Tunachotafuta ni sifa tu.

Mzee Mwinshehe naye anakusalimu. Anasema wali wenyewe ulikuwa na mawe, na kwamba alikula vile ili awapunguzie aibu. Kisha akaniambia jambo ambalo hakulisema mbele ya wenzangu. Asubuhi ile ya msiba zilikuwapo fununu kwamba askari watakuja kupekua. Aliichukua bastola akiwa anaimba na kucheza, watu wakamcheka, akapita nayo mbele ya jumbe kama mwendawazimu. Nani angemkamata mtani msibani?

Sasa nisikilize, Mama. Mtaalamu ametoa stoo bastola ya Ubelgiji ya kweli, akaziweka mezani pamoja. Zinafanana kama pacha, mpaka herufi za ubavuni. "Unaona?" akaniambia. "Kiwanda kimoja." Jambo moja tu linamkera: hii yetu, kila penye shaba, ni ndogo kwa unene wa ukucha. Anasema huenda iliagizwa kwa ajili ya mke wa ofisa. Nisipopata neno kutoka kwako, itakaa kushoto, karibu na pingu.

Mwanao,
Kasimiri


Tabora
15 Septemba 1971

Mwanangu Kasimiri,

Ya mke wa ofisa! Nilicheka mpaka jirani yangu Veneranda akaja kuuliza kama nimepata barua ya posa.

Basi nitasema, kwa sababu karibu na pingu haitakaa nikiwa hai. Na huyo Mwinshehe kumbe alitusitiri sisi, nasi tukakaa miaka yote hii tukimwita mwizi. Usimwambie kwamba nimelia.

Kulikuwa na Mwarabu wa Kwihara aliyerithi bastola ya Ubelgiji kutoka kwa babu yake, mtu wa misafara. Ilivunjika springi, akamletea baba. Siku baba anaitengeneza, akapita Mzungu mmoja mwindaji aliyekuwa akielekea Nzega, akasimama akamtazama, akasema mtu mweusi anaweza kuziba lakini kuunda hawezi. Alisema kwa Kiswahili, ili tuelewe. Baba aliendelea na kazi yake. Jioni aliomba kwa Mwarabu akae na ile bastola mpaka mwezi uandame, na tangu usiku ule nyumba yetu haikuwa na mazungumzo mengine.

Hivi ndivyo ilivyofanywa, mwambie mtaalamu wako. Ilikandikwa udongo laini juu ya kiwiliwili cha ile ya Mwarabu, pande mbili, ukafunguliwa, ikamiminwa nta. Nta ya nyuki wetu wa miombo haina mchezo, inashika kila kitu inachoguswa nacho. Ilitoka na sura yote ya ile ya Mwarabu, na zile herufi pia. Hatukujua ni herufi za nini, tulidhani ni urembo. Kisha nta ikafunikwa kwa udongo wa kichuguu, ikapelekwa motoni. Nta ikayeyuka ikatoka, na shaba ikamiminwa mahali pake. Shaba yenyewe tuliipata katika maganda ya mizinga ya vita. Na shaba ikipoa hujikunyata, mwanangu. Muulize mtu yeyote anayemimina. Ndiyo maana mtoto ni mdogo kuliko mama.

Herufi zilizogongwa kiwandani kwa nyundo zina kingo kali. Za kwetu zimelegea kama sabuni iliyotumika. Apapase kwa ukucha.

Silinda baba aliichonga kwa tupa kutoka chuma cha ekseli, akaitoboa kwa keekee ya mkono. Alikwenda nayo porini njia ya Goweko, mimi nikimfuata, akaipiga mara moja tu. Ililia, ikatufunika moshi. Tulirudi nyumbani tukinuka baruti na tukitembea katikati ya barabara.

Wasalaam,
Swaumu


Dar es Salaam
9 Oktoba 1971

Mama Swaumu,

Ameamini! Alipapasa herufi za ile ya Ubelgiji, akapapasa za kwetu, akachukua lenzi, akazipapasa tena. Kisha akaniambia kwamba katika maisha yake yote ameona nakala nyingi za bastola hii, za Wahispania na za wengineo, lakini hii ni ya kwanza ambayo mwundaji wake hakuwa na mashine hata moja. Alinipa mkono kana kwamba mimi ndiye niliyeiunda. Nilijivuna siku nzima, mtu wa Goweko katikati ya Dar es Salaam.

Tumeihamishia kulia, katika kabati la kioo katikati kabisa. Kadi itasomeka: "Imeundwa na Lukumani bin Yahaya, mhunzi wa Tabora."

Na habari nyingine njema. Kamati imeamua kwamba mrithi wa fundi asimame karibu na kabati siku ya ufunguzi amweleze mgeni rasmi. Mzee Mwinshehe alitutajia mdogo wako Shaban wa Nzega, tukamwandikia, naye amejibu haraka. Anaeleza vizuri jinsi yeye na baba walivyofanya kazi ile usiku na mchana, yeye akivuta mivukuto ya kupulizia moto, na kwamba baba alikuwa akimwita mkono wangu wa kulia. Tutamkatia tikiti ya treni. Nilijua utafurahi.

Mwanao,
Kasimiri


Tabora
20 Oktoba 1971

Kasimiri,

Shaban alikuwa akiogopa cheche. Akivuta mivukuto alifumba macho. Baba alimfukuza kiwandani kabla hata ya ile bastola kuletwa, akampeleka kwa shangazi kuchunga mbuzi. Mkono wa kulia!

Nimejizuia kwa miaka yote. Ulipoandika "mikono yetu" nilinyamaza. Ulipoandika jina la baba nilifurahi kwa dhati, kwa sababu moto ulikuwa wake, na chuma kilikuwa chake. Lakini umbo la ile bastola, kiwiliwili chote cha shaba unachokiona, ni mimi. Nta niliitengeneza mimi, jikoni kwa mama, nikiwa msichana wa kuvunja ungo juzijuzi. Macho ya baba yalikuwa yameungua kwa miaka ya moto, hakuweza tena kuona kitu chembamba kuliko mpini wa jembe. Alinikalisha akaniambia, "Wewe ndiye macho." Nilikanda udongo, nikamimina nta, nikaichonga kwa mwiba wa nungu mpaka kila kishimo kikakaa. Mara mbili ilivunjika, nikaanza upya.

Haikusemwa nje. Wewe ni wa Goweko, unajua. Mwanamke hakanyagi kiwanda cha mhunzi. Akikikanyaga, watu wanasema moto umeharibika na majembe yatavunjika shambani. Kama ingejulikana, nani angeleta jembe kwetu? Kwa hiyo sikukanyaga. Nilikaa jikoni, na nta ikatembea kwenda kiwandani bila mimi. Siku ya kumimina shaba nilisimama nyuma ya ua, nikasikia tu jinsi ilivyoimba ilipoingia.

Unataka uthibitisho, kwa sababu kamati haitegemei kiapo. Fungua skrubu za mpini, toa mti wa mninga. Tazama ndani ya mgongo wa shaba, mahali pasipoonekana. Hapo niliisukuma nta kwa dole gumba la kulia, ikabaki alama. Nilitaka kuisawazisha, baba akapapasa kwa kidole chake, akatambua ni nini. Akasema, "Iache. Mti utaifunika." Dole langu lina kovu la mundu, limelikata kwa mshazari tangu utotoni. Hapa chini nimeligonga kwa wino. Pedi nimeazima kwa balozi wa nyumba kumi, akitaka kujua ninasaini nini. Nikamwambia ninadai mali yangu.

Jina langu liandikwe.

Swaumu binti Lukumani


Nzega
3 Novemba 1971

Dada Swaumu,

Shikamoo. Nimeandikiwa na kamati kwamba safari yangu inasimama kwanza, na nimeambiwa sababu. Dada, umetufanya nini? Watu wa hapa wamekwisha kunipa hongera, nimeshonesha suti. Lakini hilo si neno. Neno ni baba. Kesho wazee wa Ng'ambo watasema yale majembe yote waliyonunua kwake yalifuliwa kwenye moto ulioguswa na mwanamke. Heshima yote ya marehemu itakuwa mzaha wa kijiweni. Yeye mwenyewe alificha. Kwa nini wewe ufichue alichoficha? Waandikie kwamba ulikosea. Jina la baba linatutosha sote.

Mdogo wako,
Shaban


Tabora
10 Novemba 1971

Shaban,

Marahaba. Majembe ya baba yamelima Uyui nzima na hakuna hata moja lililovunjika kwa sababu ya nta yangu. Watu wamekula, wamezaa, wameozesha. Wakitaka kuyarudisha, nitayapokea.

Umesema baba alificha. Baba alikuwa na kisu mkononi, na alama ile ilikuwa mbele yake, laini, dakika moja tu ya kuifuta. Hakuifuta. Mimi nilikuwapo, wewe ulikuwa na mbuzi.

Jina la baba linakutosha wewe kwa sababu ndilo pekee ulilo nalo katika kazi ile. Suti usiiuze, ivae uje. Utasimama karibu nami.

Dada yako,
Swaumu


Dar es Salaam
18 Novemba 1971

Mama Swaumu,

Tumefungua mpini jana. Mtaalamu alishika bisibisi, mimi nikashika barua yako, na mzee Mwinshehe alikuwapo kwa sababu alikataa kutoka. Skrubu ya pili ilikuwa imekwama, tukaitia mafuta ya taa tukangoja. Mti ulipotoka tuliona vumbi tu, na nilishtuka, nakiri. Mtaalamu akapitisha brashi.

Lipo, Mama. Dogo, zima, na kovu limekatiza kwa mshazari vilevile. Tuliweka karatasi yako pembeni. Mzee Mwinshehe, ambaye tangu nimjue hajawahi kukosa la kusema, alivua kofia yake. Kisha akasema amelala na dole la binti Lukumani chini ya mto wake miaka yote hiyo bila ya kutoa mahari, na kwamba sasa Wanyamwezi watamdai ng'ombe.

Kamatini kulikuwa na mabishano makali. Mzee mmoja wa kwetu alisema tunaivunjia heshima desturi ya wahunzi. Nami, niliyezoea kunyamaza mbele ya wakubwa, nilisimama. Nilisema ukumbi wetu unaitwa wa kazi za mikono yetu, na mkono tunao, umo ndani ya shaba, hatuwezi kuufunika kwa mti mara ya pili. Kura zilipopigwa tulishinda. Mkubwa wangu amenionya nisizoee.

Kadi imekwenda kwa mpiga chapa. Inasomeka: "Imeundwa na Swaumu binti Lukumani na baba yake Lukumani bin Yahaya, wahunzi wa Tabora." Mpini hatutaurudisha. Tutaulaza kando, na ndani ya kabati tumeweka kioo kidogo ili kila apitaye aone alama.

Tikiti mbili za treni zipo njiani, yako na ya Shaban.

Mwanao,
Kasimiri


Tabora
6 Machi 1972

Mwanangu Kasimiri,

Tangu tulipoagana stesheni sijakuandikia, na si kwa kukusahau. Nilikuwa na kazi, utaona.

Kwanza nikushukuru. Bado ninaiona ile asubuhi ya ufunguzi, wasichana wa shule wakigombania kuinama kwenye kioo, na mgeni rasmi akimwuliza Shaban kwa adabu, "Kwa hiyo wewe ndiye fundi?" Shaban akiwa ndani ya ile suti, jasho linamtoka, akasema, "Hapana, mheshimiwa. Fundi ni dada." Sikumtegemea. Treni nzima ya kuja alikuwa amenipa mgongo. Mgeni rasmi akanishika mkono, akaugeuza, akalitazama dole. Nilijisikia mrefu, na unanijua nilivyo.

Kurudi huku nilikuta maneno yametangulia. Wapo walionipongeza, wapo waliovuka barabara wasinisalimie. Mmoja aliita moto wetu mchafu nikiwa nachota maji. Nikamwambia ajaribu kula mbichi.

Basi, kile kijiji cha ujamaa cha upande wa Goweko kina majembe mengi yaliyotoka mipini na kukatika ncha, na mhunzi hakipati. Mwenyekiti wao alisikia habari zangu redioni, akaja kwangu na baiskeli, aliona haya kuniuliza mpaka akamaliza chai. Nikamwambia alete. Kiwanda cha baba kilikuwa kimejaa kuku na kuni. Nilitoa kuku, nikaipangusa fuawe ya kufulia chuma, nikashona mivukuto mipya kwa ngozi ya mbuzi, Veneranda akinishikia. Veneranda ni Mroma, alipiga ishara ya msalaba kabla ya kuvuka kizingiti. Mimi nilisema bismillahi. Nikakanyaga. Nilikuwa sijawahi kuiona kwa ndani ile sehemu ambayo baba alisimama maisha yake yote. Sakafu imebonyea pale, miguu yote miwili. Nilisimama hapohapo nikalia, kisha nikawasha moto.

Majembe ya kwanza yametoka. Yamelima, mvua imenyesha, hayajavunjika.

Juma lililopita Shaban alikuja kutoka Nzega. Hakupitia nyumbani. Nilimwona amesimama nje ya kiwanda, shoka lake limelegea kwenye mpini, watu wa mtaa wanamtazama, na wale wazee wa maneno wakiwa barazani hapo mkabala. Alikuwa anaweza kuliacha kwa jirani yangu Veneranda, au kungoja jioni. Alikohoa, akaita kwa sauti ya kusikika mtaa mzima:

"Hodi, fundi!"

Nilimwacha asimame kidogo. Kisha nikamwambia karibu.

Swaumu binti Lukumani,
mhunzi, Ng'ambo